Harufu Iitayo Walinzi wa Shamba

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisiloonekana kwa macho wala kusikika kwa masikio, nalo limo katika kila shamba, kila kihenge na kila mti wa matunda, toka vilima vya Umatengo hata mchanga wa Ziwa Nyasa. Jambo hilo ni harufu. Si harufu ya maua wala ya mchuzi uivao jikoni, bali ni ile itokayo miilini mwa wadudu, ambayo wao huitumia kama sisi tutumiavyo ngoma, baragumu na barua.

Kwanza twawaomba wanafunzi wafanye jaribio dogo. Tafuteni sisimizi wapitao kwa mstari ukutani, kutoka tunduni mwao hata penye chembe ya sukari. Piteni kidole mara mbili tatu kuukata mstari ule, kisha tazameni. Wale waliokuwa wakienda kwa haraka watasimama, watarudi nyuma, watahangaika huku na huku kama watu waliofika mtoni wakakuta daraja limechukuliwa na maji. Nanyi hamkujenga ukuta wala hamkuchimba shimo. Mmefuta harufu tu. Sisimizi wa kwanza aliyeiona sukari alirudi nyumbani huku akipaka harufu njiani, na wenziwe wakaifuata. Njia yao ilikuwa imeandikwa, nanyi mmeyafuta maandishi. Harufu ya namna hii, ambayo mdudu huitoa ili apashane habari na wenziwe, wataalamu huiita feromoni.

Pengine mkulima wa Mbinga atauliza, "Harufu ya sisimizi yanihusu nini mimi niliye na ngoro za kulima, mahindi ya kuhifadhi na mibuni ya kupogoa?" Swali hili ni jema, na jibu lake ndilo mazungumzo yetu ya leo. Wako wadudu walao mazao yetu, na wako wadudu walao wadudu hao. Hawa wa pili ni walinzi wetu, nao huongozwa na harufu. Mkulima ajuaye habari zao amepata askari wasiodai mshahara. Asiyejua huwaua askari wake kwa mkono wake mwenyewe, kisha hulia njaa. Nasi tusemao haya tumewahi kulifanya kosa hilo, kama tutakavyowasimulia.

Harufu ziwaitazo walinzi tutazigawa mafungu matatu. La kwanza ni harufu ya mmea ulioshambuliwa. La pili ni harufu ya mdudu mharibifu mwenyewe, imsalitiyo kwa adui yake. La tatu ni harufu ambayo mwindaji huitoa mwenyewe kuwaita wenziwe wawindaji. Hili la tatu ndilo kubwa katika mazungumzo yetu, lakini hatuwezi kulifahamu vema tusipoyapitia yale mawili.

Tuanze na pwani ya Ziwa Nyasa, yaani Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, nchi ambayo tangu mwaka 2012 ina wilaya yake, Wilaya ya Nyasa, na ambayo kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Watu wa huko wajua thamani ya muhogo. Mvua ikikawia, muhogo hungoja ardhini. Upepo ukiwazuia wavuvi, ugali wa muhogo huwako nyumbani. Basi mwaka 1987 aliingia nchini mwetu, kwa upande huu wa ziwa, mdudu ambaye hakuwapo zamani. Huyu ni kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo aliyejifunika kitu cheupe kama unga. Hukaa katika ncha za mmea na kunyonya maji yake. Majani ya juu hujikunja na kusongamana, mashina hufupika, na mzizi hukosa chakula. Vidung'ata hawa wote ni majike, nao huzaa pasipo dume, hata mmoja tu aliyechukuliwa na upepo au aliyefichika katika kipande cha mbegu aweza kuanzisha taifa zima.

Asili yake ni Amerika Kusini, ambako ndiko asili ya muhogo wenyewe. Wareno waliuleta muhogo Afrika karne nyingi zilizopita, lakini kidung'ata alichelewa. Alionekana katika nchi za Kongo mnamo mwaka 1973, akaenea kwa kasi. Alikuja peke yake, akawaacha nyuma adui zake wote. Mwizi akihamia kijiji kisicho na mbwa, nani atambwekea?

Bwana Hans Herren, mtaalamu kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya kilimo cha nchi za joto huko Ibadan, Nigeria, pamoja na wenzake, waliazimu kumtafuta mbwa huyo. Kidung'ata alionekana kwao Paraguay mwaka 1981, na pamoja naye akapatikana nyigu mdogo sana, mdogo kuliko punje ya mtama. Nyigu huyu haumi mtu. Jike lake humchoma kidung'ata na kutia yai ndani ya mwili wake. Yai huwa buu, buu humla kidung'ata toka ndani, hata abaki ganda kavu kama kipipa, na kutoka humo hutoboa nyigu mpya. Nyigu hao walianza kufunguliwa Nigeria mwaka 1981, kisha wakapelekwa katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na yetu ikiwamo. Mwaka 1995 Bwana Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi hiyo.

Sasa fikirini. Nyigu asiye mkubwa kuliko nukta ya wino amwonaje kidung'ata aliyejificha katika jani lililokunjamana, katikati ya shamba kubwa? Mwaka ule ule wa 1987 yalichapishwa majaribio yaliyotoa jibu. Nyigu walipopewa kuchagua kati ya harufu ya muhogo mzima na harufu ya muhogo wenye vidung'ata, waliielekea ya mmea wenye vidung'ata. Na lililostaajabisha zaidi ni kwamba hata majani yasiyoguswa na mdudu, madhali yamo katika mmea ulioshambuliwa, yaliwavuta vilevile. Ni kama kusema mmea wote ulipiga yowe, na nyigu akaitika. Hili ndilo fungu la kwanza.

Sasa tupande toka ziwani hata Mbinga, tuingie katika ghala ya mahindi. Humo mwaweza kuwa na dumuzi, mdudu mdogo wa rangi ya kahawia iliyoiva, atoboaye punje mpaka ziwe unga. Naye ni mgeni, kwao ni Amerika ya Kati na Meksiko. Habari zake katika Afrika zilitangazwa mwaka 1981 kutoka mkoa wa Tabora, naye aliogopwa hata watu wakampa jina la lori kubwa, Scania. Dume la dumuzi likiisha kutoboa punje na kuona chakula ni kizuri, hutoa harufu, na harufu hiyo huwaita dumuzi wengine, majike kwa madume, waje karamuni. Wataalamu wameichunguza harufu hiyo, wakaitengeneza kwa mikono yao, na kuitia katika mitego. Mitego ikitundikwa, dumuzi huja wenyewe, na mtu hujua kama mdudu huyo amefika mahali pale au la.

Lakini wako wengine waisikiao ngoma ile. Huko Amerika ya Kati yuko mdudu mdogo mweusi mwenye mabawa magumu, aitwaye kwa jina la kitaalamu Teretrius nigrescens, ambaye chakula chake ni mayai na mabuu ya dumuzi. Yeye hana haja ya mahindi; lakini ajua kuwa pale inapotoka harufu ya dumuzi ndipo kilipo chakula chake, basi huifuata. Dumuzi apiga ngoma kuwaita ndugu zake, na ngoma hiyo hiyo humwita muuaji wake. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwindaji huyo alifunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, na mitego ile yenye harufu ya dumuzi ilitumika pia kumtafuta yeye, ili ijulikane kama ameishika nchi.

Hatutaki kuwadanganya. Mwindaji huyu hakuwamaliza dumuzi, wala haokoi ghala iliyokwisha kujaa wadudu. Kazi yake ni kupunguza idadi yao polepole. Mahindi bado yataka kukaushwa vema, kupukuchuliwa na kuwekwa katika chombo safi. Hili ni fungu la pili.

Sasa twafika fungu la tatu, yaani mwindaji aitaye wawindaji wenziwe. Kwa habari hii itatupasa tusafiri toka ziwani hata pwani ya bahari, maana mwalimu wetu mkubwa katika jambo hili ni chungu wa mitini ambaye watu wa Unguja na wa pwani humwita maji moto. Aliyeumwa naye hana haja ya kuelezwa maana ya jina hilo. Ni mwekundu wa kahawia, mrefu wa miguu, mwepesi. Hajengi ardhini, hukusanya majani mabichi ya mwembe, mchungwa au mkarafuu na kuyashona yawe nyumba. Wengine huvuta kingo za majani zikutane, wengine huchukua mabuu yao midomoni, na buu hutoa uzi wa hariri, nalo huenda huku na huku kama mtande wa mfumaji. Jamaa moja ya chungu hao huweza kumiliki miti mingi kwa pamoja.

Maji moto hula wadudu, naye hawindi peke yake. Akimkamata kiwavi mkubwa asiyemweza, au akimwona adui mpakani, huita. Mwaka 1975 wataalamu wa Uingereza walichapisha habari za harufu zitokazo kichwani mwake. Waliona kuwa si harufu moja bali ni kadhaa, kila moja na kazi yake. Moja, iitwayo heksanali, huenea upesi na kuwashtua walio mbali, wakainua vichwa. Ya pili, heksanoli, huwavuta wakaribie. Nyingine hazisafiri mbali, na kazi yake ni kuwaamrisha waliokwisha kukaribia waume. Basi chungu ajaye hupita katika amri hizo kwa taratibu: amka, njoo, uma. Jemadari gani mwenye sauti iliyopangwa vizuri namna hii?

Mwaka 1978, Bwana Bert Hölldobler na Bwana Edward Wilson wa Marekani walieleza zaidi. Walionyesha kuwa maji moto ana namna tano za kuwaita wenziwe. Kwa safari ndefu, kama vile kwenda penye chakula au katika mti mpya, huburura ncha ya mkia wake na kuandika njia ya harufu, kisha huwagusa wenziwe kwa vipapasio. Kwa adui aliye karibu, hukokota tumbo chini kwa hatua chache tu na kuachilia harufu nyingine itokayo upande wa chini wa tumbo, na wenziwe walio karibu hukusanyika hapo kama askari waliosikia filimbi.

Harufu hizo zina faida kwa mkulima kwa njia mbili. Kwanza, zawakusanya walinzi penye mdudu mharibifu. Pili, zawatisha wadudu wengine. Huko Benin wataalamu waliona, katika mwaka 2009, kwamba nzi wa matunda hutaga mayai machache katika maembe ambayo maji moto wameyapitia, hata wakiwa wamekwisha kuondolewa. Alama ya chungu humtosha nzi, kama nyayo za chui zimtoshavyo mbuzi. Nasi tukumbuke kuwa tangu mwaka 2003, alipoonekana Kenya nzi mmoja wa matunda mwenye asili ya Asia, maembe mengi ya Afrika Mashariki yameharibika kwa sababu yake.

Lakini faida ya maji moto iliyojulikana kwanza huku kwetu ni katika minazi. Bwana M. J. Way, Mwingereza aliyefanya kazi Unguja, aliandika mwaka 1951 na miaka iliyofuata kuhusu mdudu anyonyaye maua na vidaka vya minazi. Vidaka hutoa utomvu, hunyauka na kupukutika. Mdudu huyo hata leo hubeba jina lake katika vitabu vya wataalamu. Bwana Way alionyesha kuwa minazi yenye maji moto wengi huokoka, na kwamba chungu wengine wakaao ardhini, wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, huwafukuza maji moto na kuuacha mnazi bila mlinzi.

Hapa ndipo tusimulie kosa letu. Miaka mingi iliyopita, kabla hatujahamishiwa kazi ya kufundisha walimu, tulipewa shule moja ya pwani, sisi watu wa bara tusiojua minazi. Uwanjani palikuwa na miembe mikubwa, na wanafunzi walipokaa kivulini chungu waliwaangukia na kuwauma. Tuliona ni uchafu na ukosefu wa nidhamu. Siku moja ya Jumamosi tukawaamuru wavulana wafunge mienge ya makuti makavu juu ya fito, nao wakaviteketeza viota vyote, katika miembe yetu na katika minazi iliyopakana nayo, huku wakiimba. Tuliandika katika daftari la shule kuwa kazi imefanywa vema.

Miezi kadhaa ilipita. Kisha asubuhi moja akaja mzee mwenye minazi ile, amechukua kikapu.

"Shikamoo, Mzee," tukamwambia.

"Marahaba, Mwalimu. Nimekuletea hesabu ya kazi ile."

Akakiinamisha kikapu, na vidaka vikamwagika barazani, vikavu, vyenye utomvu mgumu pembeni. Tukamwambia kuwa hatufahamu maana yake.

"Nilikuwa na walinzi," akasema. "Hawalali, hawaibi, hawajaniomba hata senti. Watoto wako wamewachoma moto, nami nilikuwa safarini. Shule yafundisha kusoma. Je, haifundishi kuuliza?"

Hatukuwa na la kujibu. Hatuwezi kuapa kwamba kila kidaka kilichokuwa kikapuni kilianguka kwa ajili ya mienge yetu, maana hata ukame huangusha vidaka. Lakini tuliiona miti yake, na tukaiona ya jirani iliyokuwa bado na viota, na tofauti ilikuwa dhahiri. Mzee yule alikuwa na wajukuu wawili waliosomea shule yetu kwa fedha ya nazi zile.

Tukamwomba radhi, na kumwuliza tufanyeje. Yeye mwenyewe akatuongoza. Tulikwenda shamba la mbali, tukakata viota jioni na kuvitia katika magunia. Alituonya tuvitwae vyote kwa jamaa moja, kwa sababu chungu wa jamaa mbili hupigana mpaka kufa. Tukavifunga mitini, tukatandaza kamba toka mti hata mti. Ndipo tukaona kwa macho yetu yale ambayo baadaye tuliyasoma vitabuni. Chungu mmoja akatangulia juu ya kamba, akasita, akaenda, akarudi huku akiburura mkia wake. Akakutana na mwenziwe, akamgusa, naye akafuata. Kitambo kidogo walikuwa kumi. Kabla ya magharibi kamba ilikuwa nyekundu. Walikuwa wameitana kwa harufu. Katika baadhi ya minazi walinzi wale walikaa. Katika mingine wale chungu wadogo wa ardhini walikuwa wamekwisha kutawala, na hatukufaulu. Kuchoma kulitushika asubuhi moja. Kurudisha kulitushika miaka, na hakukutimia.

Wachina walilijua jambo hili zamani sana. Kitabu chao ambacho husemwa kuwa ni cha mwaka 304 chaeleza jinsi watu walivyouza sokoni viota vya chungu wa jamaa ya maji moto, ili kulinda michungwa. Na baadaye walitandaza mianzi kati ya miti iwe madaraja yao. Katika nchi yetu, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na wa kituo cha Naliendele, Mtwara, wamewachunguza maji moto katika mikorosho na miembe. Kwa hiyo wenye mikorosho, kama ndugu zetu wa Tunduru, wasiipuuze habari hii.

Na huko Marekani wamekwenda mbele hatua moja. Yuko mdudu wa jamaa ya kunguni wa mimea, ambaye haidhuru mimea bali huwachoma viwavi kwa mdomo wake mrefu na kuwanyonya. Jina lake la kitaalamu ni Podisus maculiventris. Dume lake hutoa harufu mgongoni, na wenziwe, wakubwa kwa wadogo, hulijia. Mwaka 1984 wataalamu walitangaza jinsi harufu hiyo ilivyoundwa, na baadaye ikatengenezwa na kuuzwa kwa wenye bustani, ili mtu aitundike karibu na mboga zake na kuwaita wawindaji hao mwanzoni mwa majira. Mkulima apiga filimbi ya mdudu, na mdudu huja kazini.

Lakini yafaa tuwe na akili, maana filimbi hiyo ina masharti yake. Mwindaji aliyeitwa mahali pasipo chakula haketi. Huondoka, na siku ya pili huenda asiitike. Tena harufu husikiwa na wengi: wako nzi ambao huifuata harufu ya Podisus ili watage mayai juu yake, wana wao wamle. Kadhalika maji moto hawafanyi kazi ya malaika; huwafuga na kuwalinda baadhi ya wadudu wanyonyao majani, kwa sababu hupenda maji matamu yatokayo kwao, nao huwauma wachumaji. Hakuna mlinzi asiye na gharama. Kazi ya mkulima ni kupima gharama na faida, wala si kuchoma moto kwanza na kuuliza baadaye.

Basi, wasikilizaji wetu, tuyakusanye yote katika maneno manne ya kutenda.

Kwanza, tazameni kabla ya kuua. Mkiona wadudu katika mihogo, mibuni au mahindi, pitieni majani machache na kuuliza: huyu ala nini? Alaye jani ni adui; alaye mla jani ni askari. Katika muhogo, vidung'ata waliokauka wenye tundu dogo ni habari njema, maana nyigu wamekwisha kufika.

Pili, msinyunyize dawa kwa mazoea. Dawa kali haichagui. Huua mharibifu na mlinzi pamoja, na mharibifu ndiye azaaye upesi zaidi, basi hurudi wa kwanza. Ikiwa hapana budi kutumia dawa, mwulizeni bwana shamba ni ipi, kiasi gani na wakati gani, na tieni mahali penye ugonjwa tu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Walinzi mlio nao ni mbachao wenu. Dawa ni msala upitao.

Tatu, msihamishe mbegu za muhogo toka shamba lenye wadudu, wala msilete mahindi yaliyotobolewa na kuyachanganya na mazima. Kidung'ata na dumuzi hawakuvuka bahari kwa mabawa yao. Walisafirishwa na watu.

Nne, mkiletewa mitego yenye harufu, kama ile ya nondo wa viwavijeshi, fahamuni kazi yake. Mingi ni ya kuwapasha habari kuwa adui amefika. Haikuwekwa ili ilinde shamba peke yake. Mwenye kusikia baragumu akalala, baragumu halitamwokoa.

Nanyi wanafunzi, twawapa kazi ya nyumbani. Juma hili mwulizeni babu au bibi majina ya wadudu wa shamba lenu kwa lugha ya kwenu, na kila mmoja ala nini. Andikeni katika daftari. Mtastaajabu kuona wazee wasiosoma kitabu wajua mambo ambayo sisi tulijifunza kwa kikapu cha vidaka. Mfalme Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze bidii. Sisi twawatuma pia wenye bidii, wakajifunze kuuliza.

Kwaherini, wasikilizaji wetu, na Mungu ayabariki mashamba yenu.